Ratiba Oyee!

Washairi wetu wamesifu jahazi, mnazi, mwezi na wapenzi wasio na shukrani. Mmoja wamemsahau, naye anafanya kazi kuliko hao wote: ratiba ya kuwapeleka watoto wadogo Disney World kwa siku kumi mfululizo. Hainukii asumini, haiimbiki taarabuni, na hakuna aliyewahi kuitumia kumtongoza mtu. Inakaa kwenye kompyuta ya kaka yangu huko Houston, Texas, imepakwa rangi kila safu, na tangu izaliwe hakuna aliyekula chakula cha usiku katika nyumba ile bila kuizungumzia. Mimi ni shangazi tu, nimeingizwa kwenye kundi la WhatsApp bila haki ya kupiga kura. Lakini kalamu ninayo, na leo nataka kuipa ratiba haki yake.

Nasaba kwanza, maana msifiwa asiye na ukoo ni wa kutiliwa shaka. Julai 17, 1955, Walt Disney alifungua Disneyland huko Anaheim, California, na mambo yakaenda mrama. Watu waliingia kwa tiketi bandia, lami iliyokuwa haijakauka ikanasa visigino vya viatu vya akina mama, na kwa sababu ya mgomo wa mafundi bomba, sehemu nyingi za maji ya kunywa zilikuwa kavu siku ya jua kali. Mzee akajifunza. Alipotaka kujenga Florida alinunua ardhi kimyakimya, kwa majina ya kampuni za mfukoni, ili wenye mashamba wasipandishe bei. Alikusanya ekari kama 27,000 za vinamasi na vichaka. Oktoba 1965 gazeti la Orlando likamfichua mnunuzi. Disemba 1966 Walt akafariki kabla hata nyumba moja haijasimama. Roy, kaka yake, akaahirisha kustaafu, akaumaliza mradi, akafungua Magic Kingdom, bustani ya kwanza ya Disney World, Oktoba 1, 1971, na Disemba hiyohiyo akafa naye. Mpango uliozika mabwana wawili na bado unadunda si wa kudharau. Hata chini ya mitaa ya Magic Kingdom kuna njia za wafanyakazi, zilizojengwa ili mchunga ng'ombe wa enzi za kale asionekane akikatiza kwenye mtaa wa wakati ujao. Watu waliofikiri hata hilo!

Sifa ya pili ya ratiba ni kwamba inaleta ajira.

Zamani kupanga ilikuwa kazi ya kampuni. Mwaka 1971 mtu mzima alilipa dola 3.50 getini, akaongeza pesa za kuponi za michezo, akasimama kwenye foleni kama wenzake. Mwaka 1999 ikaja FastPass, kikaratasi cha bure kilichokuambia urudi saa fulani upite mlango wa haraka. Watu wakakizoea. Mwaka 2021 badala yake ikaletwa Genie+, na huko Florida ilianza kwa dola 15 kwa kila mtu kwa siku. Julai 2024 nayo ikabadilishwa jina na masharti, sasa inaitwa Lightning Lane, na mteja anachagua saa zake mapema kwenye simu: atakayelala katika hoteli za Disney anaanza siku saba kabla ya kufika, wa nje siku tatu kabla. Dirisha linafunguliwa saa moja kamili asubuhi kwa saa za Florida, ambayo Houston ni saa kumi na mbili. Meza ya kulia chakula ndiyo kwanza, hiyo huanza kuwekwa siku 60 kabla. Mtoto wa miaka mitano unamuuliza leo atakula nini baada ya miezi miwili, na anakujibu, tena kwa uhakika.

Kwa hiyo ile kazi ambayo karani wa kampuni angelipwa kuifanya, sasa inafanywa usiku na baba wa watoto watatu, akishatoka kazini kwake, bila mshahara, na ada ya kuifanya analipa yeye. Nimewahi kusikia vibarua wakigoma kwa kutolipwa. Kibarua anayemlipa tajiri, kisha akaamka alfajiri kwa furaha ili asichelewe kumlipa, huyo sikuwahi kumsikia mpaka nilipoona kazi za ratiba. Na aliyechoka kabisa kufikiri naye ametafutiwa dawa: Oktoba 2024 ilianza pasi ya kupita milango yote ya haraka bila kuchagua saa, na katika siku za msongamano pale Magic Kingdom bei yake ilifika dola 449 kwa mtu kwa siku, tiketi ya kuingilia ukiiweka kando. Hiyo ndiyo bei ya kutokuwa na ratiba. Sasa pima mwenyewe utajiri aliokalia kaka yangu pale jikoni.

Kupanga ni kuchagua, alisema Mwalimu Nyerere mwaka 1969 alipokuwa akiwaeleza wajumbe wa TANU Mpango wa Pili wa Miaka Mitano. Mwalimu alikuwa na nchi nzima ya kupanga, lakini hakuwa na kitinda mimba wa sentimita 94.

Shida ya kitinda mimba wetu ni hii. Disney hawamtozi tiketi mtoto ambaye hajatimiza miaka mitatu. Huyu wetu anatimiza Agosti. Wakienda Juni, anaingia bure. Lakini treni ya Seven Dwarfs Mine Train, ambayo ndiyo ameiona kwenye video akaiota usiku, haimpakii mtu wa chini ya sentimita 97. Wakingoja Disemba, urefu utakuwa umepatikana, ila atakatiwa tiketi, tena msimu wa Krismasi, ambapo mwaka 2025 tiketi ya siku moja ya Magic Kingdom ilifika dola 199 kwa mtu mzima. Juni nayo ndiyo mwanzo wa msimu wa vimbunga, unaokwenda hadi mwisho wa Novemba, na mvua za radi za mchana huko Florida hazihitaji kimbunga kuja. Nyumba ikagawanyika vyama viwili. Wifi yangu ni kiongozi wa Chama cha Bure. Kaka yangu ni wa Chama cha Sentimita.

Basi kila Jumapili mtoto anasimamishwa kwenye fremu ya mlango wa jikoni, visigino ukutani. Kaka mtu anamkandamiza mabega asinyanyuke kwenye vidole. Baba analaza rula juu ya nywele, anachora kwa penseli, kisha anakunja uso na kuvuta futi kamba upya, kwa sababu mama ameshika upande wa chini na hamwamini. Asubuhi mtoto anapewa uji wa lishe, unga wenyewe ametuma bibi yao kutoka Tanga, vikombe viwili badala ya kimoja. Daktari wao wa watoto ameulizwa, kwa upole, kama kuna cha kufanya. Akasema mtoto ni mzima kabisa. Hawakuridhika.

Dada yao mkubwa amejaliwa mkasa wa aina nyingine. Kwa Disney, aliyefikisha miaka 10 ni mtu mzima na analipa kama mtu mzima. Hata wazee wetu wa unyago hawakuwa na haraka kiasi hicho.

Niseme pia jinsi ratiba inavyoleta utii. Kaka yangu huyu, ambaye mama yetu alimkimbiza na ufagio uwanja mzima ili alale mchana, leo ana kisanduku cha bluu kilichoandikwa "SAA SABA: WOTE WALALE", na ukimpigia simu anakueleza kwa sauti ya mkuu wa shule umuhimu wa usingizi wa mchana. Amepima kigari cha mtoto, kwa kuwa tangu Mei 2019 hakiruhusiwi kilichozidi sentimita 79 kwa upana na 132 kwa urefu. Amejifunza utaratibu wa zamu: mzazi mmoja anapanda mchezo wa kutisha, mwingine anabaki na asiyefikisha urefu, kisha wanabadilishana bila kuanza foleni upya. Mimi naona huo ndio uvumbuzi wa busara kuliko yote pale, na ungefaa kwenye harusi zetu, mmoja ale pilau huku mwenzake amebeba mtoto.

Kisanduku cha kijani ndicho kilicholeta maneno. Kimeandikwa "Kilimanjaro".

"Shikamoo mama," kaka yangu alisema siku hiyo kwenye simu ya video.

"Marahaba baba. Nasikia mnakwenda Kilimanjaro."

"Ndiyo mama. Ya Florida."

"Imehamishwa lini?"

Ikabidi mama aelezwe. Disney's Animal Kingdom, iliyofunguliwa Aprili 1998, ina mchezo unaoitwa Kilimanjaro Safaris: unapanda lori, unazungushwa kwenye mbuga ya ekari kama 110, unaona twiga, simba na viboko wa kweli. Kituo cha kupandia kiko katika kijiji cha kubuni kiitwacho Harambe, ambacho wabunifu walichota sura yake kutoka Lamu, kuta zilizobanduka chokaa na yote. Mibuyu yake ni ya zege. Jirani kuna hoteli yenye jengo la Jambo House na lingine la Kidani Village, na ukishikwa na njaa unaweza kula Boma au Jiko. Wapwa zangu, ambao nyumbani wanajibu Kiingereza hata wakisemeshwa Kiswahili, watalipiwa dola nyingi ili wakaamkiwe "jambo" na mtu wa Ohio. Wasomaji wa Lamu naomba wasikasirike. Kuigwa ni heshima, hata kama kodi haiji kwenu.

Na nikisema kweli, katika hili ratiba ilikuwa na hoja. Kutoka Houston hadi Orlando ni kilomita zaidi ya 1,500 za barabara, unajaza mafuta na unafika. Kuwaleta watu watano hadi Arusha kwa ndege ni hesabu ambayo kaka yangu ameiandika mara moja, akaifuta, na hajaifungua tena. Mama alisikiliza yote hayo akitafuna karanga. Kisha akauliza kwa nini mjukuu wake anapimwa kila wiki kama mbuzi wa Idi. Hakuna aliyejibu. Kundi la WhatsApp lilikaa kimya mpaka siku ya pili, jambo ambalo halijawahi kutokea.

Wenye husuda watasema ratiba huvunjika. Kweli, huvunjika. Tumbo la mtoto mmoja likivuruga, mistari yote ya siku inaanguka. Lakini hapo ndipo sifa yake kubwa, na nashangaa wanaoisema vibaya hawaioni. Likizo bila ratiba ikiharibika, kosa ni la mtu. Ni baba aliyechagua hoteli ya mbali, ni mama aliyesahau makoti ya mvua, na ugomvi huo utahudhuria misiba na harusi miaka ishirini ijayo. Likizo yenye ratiba ikiharibika, wote wanaigeukia ratiba. Inatukanwa, inafinyangwa, inafutwa nusu, inaandikwa upya saa sita za usiku juu ya kitanda cha hoteli, wala haisusi, haijibu, hairudi kwao. Nani katika ukoo wetu anaweza kubeba lawama za watu watano kwa siku kumi bila kulalamika? Mimi siwezi. Mama yetu pia hawezi, na yeye amelea saba.

Uamuzi umeshapitishwa: Juni. Chama cha Bure kimeshinda, baada ya wifi yangu kuonyesha kwamba katika meza za kujihudumia pia mtoto wa chini ya miaka mitatu halipiwi, na kwamba huyu wetu anakula kuliko dada yake. Chama cha Sentimita kimekubali matokeo kwa shingo upande, na kinaendelea kununua uji.

Nyinyi ndugu zetu wa Muscat na Dubai mnaosoma haya mkicheka, msicheke sana. Mei 2025 Disney ilitangaza bustani mpya kisiwani Yas, Abu Dhabi. Futi kamba ni bei rahisi. Anzeni kuwapima watoto.