Msiizike Betri Ingali Hai

Mxiuuu! Jamani, tutanunua betri mpaka lini?

Jana asubuhi hapa stendi ya Bweri, Noah ya Butiama imegoma. Abiria wamo ndani, nauli wameshatoa. Dereva anageuza ufunguo: tik, tik, kimya. Kijiwe kizima kikahukumu papo hapo: betri imekufa. Betri ya miezi saba! Dereva akaanza kupiga simu kukopa hela ya nyingine.

Fundi akamwambia, "Mura, weka simu, njoo uone." Kafungua boneti. Kichwa cha chanya kimevimba unga mweupe unaoelekea bluu, kama ukungu wa mkate. Kachukua mita, ncha moja kwenye kichwa chenyewe cha betri, nyingine kwenye klempu iliyokishika, kamwambia dereva awashe. Mita ikasoma volti 2. Pale panatakiwa pasome karibu na sifuri! Betri ikibebeshwa stata hushuka mpaka 10 na ushei. Kutu ikila 2, stata itazunguka na nini?

Unga ule unaletwa na mvuke wa asidi ya betri, unaokula risasi na shaba ya klempu. Fundi kafungua hasi kwanza, maana ukianza na chanya spana ikagusa bodi, ni cheche. Kakoroga magadi, haya haya ya kulainishia maharage, kwenye maji ya uvuguvugu. Kaumwagia unga ule, povu likachemka. Kasugua kwa brashi ya waya mpaka risasi ikang'aa, kasuuza, kakausha, kafunga chanya halafu hasi, kamalizia na mafuta ya mgando juu. Noah ikanguruma.

Mzee mmoja akasema kutu ni ya watu wa Tanga, sisi ziwa letu ni maji baridi. Mzee wangu, chumvi tunaipakia wenyewe! Probox inatoka mwaloni Mwigobero na samaki wa chumvi, maji yanachuruzika chini ya buti, yanalala kwenye waya wa ethi uliofungwa kwenye bodi. Baada ya muda ukikanyaga breki, indiketa nazo zinacheza. Watu wanabadilisha balbu, na balbu haina kosa.

Ila kinachoniuma hasa ni malori. Waya umekatika, mtu anausokota kwa vidole na kuuviringishia tepu nyeusi. Maji yanapenya, hayatoki. Ukiufungua baadaye, shaba imegeuka kijani, inapukutika kama majani makavu. Soketi ya trela ndiyo usiseme, kifuniko kiling'oka zamani. Matokeo yake unatoka Bunda usiku, mbele giza tupu, ghafla trela hili hapa, halina hata taa moja nyuma. Watu wanakufa kwa kitu ambacho kopo la mafuta ya mgando lingekizuia. Inaniuma sana hii.

Kiungo kilehemiwe kwa risasi, kivalishwe mpira ule unaosinyaa kwa moto. Soketi isafishwe, ikaushwe, ipakwe mafuta, ifunikwe.

Masika hayo yanakuja. Wewe dereva wa trela uliyelala Bunda leo, kabla hujawasha, ichomoe hiyo soketi uitazame ndani. Halafu mtume tandiboi asimame nyuma akuhesabie taa.