Jinsi ya Kupinga Faini ya Trafiki Viwanja Sitini, Ifakara

Mwongozo huu ni wa dereva wa kirikuu ambaye, saa nne asubuhi, kwenye njia panda ya mtaani isiyo na taa wala kibao, amevaana na bodaboda aliyebeba gunia la mpunga. Bampa imepinda, indiketa ya pikipiki imening'inia kwa waya, gunia limepasuka. Hakuna aliyeumia. Kama kuna aliyeumia, acha kusoma, tafuteni PF3 na muwahi hospitali. Hiyo ni kesi nyingine na haina mzaha.

Zamani ajali za namna hii zilihitaji bahati. Aliyetoka ng'ambo ya mto Kilombero alisubiri kivuko, na aliyetoka Kidatu alifika akiwa amechoka na mashimo. Mwaka 2018 likafunguliwa Daraja la Magufuli, mita 384, kisha lami ya Kidatu ikafika mjini. Sasa Ifakara kila mtu ana haraka isipokuwa pawatila, na pawatila ndiyo iko mbele yako. Kwa hiyo hatua zifuatazo utazihitaji. Zimejaribiwa na madereva wengi na matokeo yake yanafahamika.

Hatua ya kwanza: wahi kukasirika. Kwenye njia panda, kosa ni la anayenyamaza. Shuka kwa kishindo, bamiza mlango hata kama una kawaida ya kufungwa kwa kamba, kisha sema "Wewe kijana, huoni?" kabla kijana hajakuuliza wewe. Usipoteze muda kukumbuka ulikuwa mwendo gani. Sheria inasema kilomita 50 kwa saa kwenye makazi ya watu. Wewe ulikuwa "mdogo mdogo", na mdogo mdogo hauna kipimo.

Dakika chache baadaye vijana wa kijiwe watakuwa wamekuzunguka. Hakuna hata mmoja aliyeona tukio, ndiyo maana maelezo yao yatalingana neno kwa neno. Usibishane nao. Wao ni wengi, na pikipiki iliyolala chini ni ya mwenzao.

Hatua ya pili: linda ushahidi kwa kuuacha. Simu yako ina kamera na chaji. Usiitumie kupiga picha. Mpigie shemeji yako aliyeko Morogoro, anayemfahamu mtu aliyewahi kufanya kazi na mtu.

Wakati unaongea, tazama chini. Mpunga umemwagika kuanzia mahali mlipogusana, umetengeneza mkia mfupi unaoelekea kwenye mtaro, na mkia wote uko upande wa kushoto wa barabara, yaani upande wako halali. Punje hizo zinajua ukweli kuliko kijiwe kizima. Picha moja ya karibu, nyingine ya mbali inayoonyesha kona zote za njia panda, namba za vyombo vyote viwili, jina na simu ya mama anayeuza vitumbua ambaye kweli aliona: vingekutosha. Lakini wewe bado uko kwa shemeji.

Jogoo wa kwanza ameshafika. Nyuma yake wamefuata kuku wengine, halafu mama mmoja mwenye ungo, akilalamika kwamba ni dhambi chakula kukanyagwa. Trafiki atakapofika na futi yake ya kupimia, sehemu ya ushahidi itakuwa tumboni, sehemu itakuwa inapepetwa, na magari mmeshayasogeza pembeni ili lori lipite. Mchoro wa ajali atauchora kwa kufuata vidole vyenu, na vidole vyenu vinaelekezana.

Hatua ya tatu: mpokee afande kwa heshima. Mazungumzo yataenda hivi.

"Shikamoo afande, pole na kazi."

"Marahaba. Nani alikuwa anaingia akitokea barabara ndogo?"

"Yeye!" mtasema wote wawili.

"Mnakaa wapi nyie?"

"Hapa hapa, afande."

"Hapa hapa, na hamjui barabara kubwa ni ipi?"

Swali ni zuri, kwa sababu kanuni ni nyepesi: anayeingia barabara kubwa kutoka ndogo humpisha aliyeko kwenye kubwa. Tatizo ni kwamba mtaani kwetu barabara kubwa ni ile niliyopo mimi. Jibu sahihi lingekuwa kueleza ulikotoka, ulikokuwa unaelekea na ulichokiona, basi. Wewe jibu, "Afande, unanijua mimi?" Atakwambia hakujui, na ataomba leseni ili akujue. Kisha ataingiza namba ya gari kwenye mashine, na mashine itakumbuka lile deni la mwendokasi la Mikumi ambalo wewe ulikuwa umelisahau kwa juhudi kubwa.

Hatua ya nne: pendekeza kuyamaliza. Shusha sauti. Sema, "Afande, tuangaliane hapa, jua kali hili, upate hata soda." Tunza siri: watazamaji wote wanaokuzunguka hawajawahi kusikia sentensi hiyo, na wala hawatarudi nyuma hatua mbili kukupa nafasi. Kumbuka tu kwamba Sheria ya Kuzuia na Kupambana na Rushwa ya mwaka 2007 inamshika anayetoa sawasawa na anayepokea. Ulikuwa na tuhuma ya kutomwachia mwenzako njia. Sasa unajitengenezea tuhuma yenye sheria yake peke yake, na mashahidi ni kijiwe kile kile ambacho mara hii kimeona kila kitu.

Hatua ya tano: pokea karatasi, usiisome. Afande atakuandikia. Kirikuu ni shilingi 30,000. Bodaboda, kama ndiye angeandikiwa, ni 10,000, kwa kuwa bajeti ya 2021/22 iliwapunguzia wenye pikipiki na bajaji kutoka 30,000. Usimwonee wivu. Lalamika kwamba umeonewa, kunja karatasi mara nne, itie mfuko wa shati.

Ungeisoma, ungeona jambo la ajabu: karatasi hiyo haijakuhukumu. Utaratibu wa arifa chini ya Sheria ya Usalama Barabarani ya mwaka 1973, Sura ya 168, unakupa nafasi ya kukiri kosa na kulipa, mambo yaishe bila kwenda kwa hakimu. Ni nafasi, si amri. Usipokiri, unasema hukubali, na shauri linakwenda mahakamani. Maneno "sikubali kosa, naomba nipelekwe mahakamani" ni mafupi kuliko yale uliyomwambia shemeji, na hayahitaji kujuana na mtu.

Lakini wewe umeshaulizia kontroo namba.

Hatua ya sita: iogope mahakama. Hapa mwongozo hauna haja ya kukudanganya, maana hofu yako ina hesabu ndani yake. Faini ni 30,000 na inalipika kwa simu ukiwa umekaa. Mahakamani utaitwa siku moja, shahidi hajafika. Utaitwa ya pili, jalada halijakamilika. Na kila siku kirikuu inaposimama, tajiri anataka hesabu yake jioni. Mama wa vitumbua naye hataacha karai la mafuta kwenye moto aje kukutetea mara mbili. Hakimu akikutia hatiani, anaweza kukupiga faini kubwa kuliko ile ya barabarani. Kwa ufupi, kukubali kosa kumewekewa bei nafuu kuliko kulikataa, na mpunga ukiwa shambani unangoja gari, hata mtu mkweli hununua kilicho nafuu.

Kuna jambo moja tu ambalo madereva hawaambiani. Mahakamani si kazi yako kuthibitisha kwamba huna kosa. Ni kazi ya upande wa mashtaka kuthibitisha kwamba unalo, pasipo kuacha shaka. Mchoro uliochorwa baada ya kuku kushiba una shaka ya kutosha kuanzia asubuhi hadi mchana. Na kisingizio cha kutojua Kiingereza kimekwisha: tangu mabadiliko ya sheria ya mwaka 2021, Kiswahili ndiyo lugha ya sheria na mahakama. Utasomewa shtaka kwa lugha ile ile uliyotumia kumtukana kijana wa watu.

Hatua ya saba: isahau bima. Umelipa, umetulia, sasa unataka bampa. Ndipo utakapokumbuka kwamba una bima ndogo. Bima ndogo humlipa uliyemkosea. Bampa yako haiijui. Kwa hiyo wa kukulipa ni bima ya yule kijana, kama kweli anayo. Utakwenda ofisini kwao ukiwa na uso wa mtu aliyedhulumiwa, na karani atakuomba taarifa ya polisi, mchoro, ripoti ya mkaguzi wa magari na matokeo ya shauri. Matokeo unayo wewe, mfukoni, yamekunjwa mara nne: ulikiri kosa, ulilipa, na risiti inaonyesha muda wa malipo hadi dakika. Utamweleza kwamba ulilipa ili yaishe. Atakubaliana nawe kabisa. Yameisha.

Wakati huo huo kijana wa bodaboda atakuja nyumbani kwako jioni, kwa adabu, akiwa na risiti hiyo hiyo kwenye simu yake, maana aliipiga picha. Yeye ndiye peke yake aliyepiga picha siku ile. Atakuambia, "Mzee, kwa kuwa kosa ulilikubali mwenyewe, nimekuja kuhusu indiketa na lile gunia." Mkaribishe. Ni mtoto wa mtaa, na kesho utamhitaji akuwahishe stendi.

Hatua ya nane: pinga sasa. Baada ya kulipa faini, indiketa, gunia na bampa, uko tayari kwa upinzani wenyewe. Kaa kijiweni, agiza kahawa, na uwaeleze wote jinsi usivyokuwa na kosa hata chembe. Eleza mkia wa mpunga ulivyokuwa upande wako. Taja sheria, taja kifungu ukikikumbuka. Watakuunga mkono mmoja baada ya mwingine, hata wale waliokuzingira siku ile. Utashinda kila jioni, kwa hoja zenye nguvu na mashahidi wa kutosha, na mwendesha mashtaka hatatokea hata mara moja, kwa sababu ile siku ambayo angelazimika kutokea ulimlipia nauli ya kubaki ofisini.