Jinsi ya Kuonekana Fundi Mbele ya Kompyuta Isiyowaka

Kompyuta ya mezani ikigoma kuwaka, ofisi nzima humtafuta mtu mmoja kwa macho. Leo mtu huyo awe wewe. Cheti huhitaji. Kinachotakiwa ni utaratibu, maana umeme una njia moja tu: hutoka ukutani, hupita kwenye waya, huingia kwenye pawasaplai, kile kisanduku cha umeme ndani ya kasha la kompyuta, ndipo ufike kwenye bodi. Ifuate njia hiyo bila kuruka kituo, na sifa zitakufuata wewe.

1. Fika taratibu. Bisibisi iache mfukoni. Anayeanza nayo huonekana amebabaika. Kunja mikono ya shati, kisha uliza: "Haiwaki kabisa, au inawaka ila haionyeshi kitu?" Swali hilo ni nusu ya kazi. Ukisikia feni inavuma na kuona taa ya mbele inawaka, kasha lina umeme. Hamia kwenye skrini: nayo ina waya wake wa umeme na kitufe chake, na wengi huvisahau. Hapo unaweza kumaliza kazi kabla chai haijapoa.

2. Kimya kabisa? Anzia ukutani. Soketi zetu za matundu matatu zina swichi, na aliyechomoa simu yake asubuhi huenda aliizima swichi hiyo. Chomeka chaja yako palepale. Simu ikiingiza chaji, ukuta hauna kosa. Ekstensheni usiiamini; iruke, chomeka kompyuta moja kwa moja ukutani. Kumbuka pia kwamba plagi ya pini tatu ina fyuzi ndani. Ikiungua, kwa nje kila kitu kinaonekana kizima.

3. Iba waya wa skrini. Ujanja huu ndio niupendao kuliko yote. Mara nyingi waya wa umeme wa skrini na ule wa kasha ni wa aina moja. Ikiwa taa ya skrini inawaka, chomoa waya wake uchomeke kwenye kasha. Kompyuta ikiwaka, umempata mgonjwa: ni ule waya wa kwanza. Umefanya kipimo cha kweli bila kununua kipimio.

4. Inama nyuma ya kasha. Pawasaplai nyingi zina swichi yenye alama za I na O. Kasha likisukumwa kuelekea ukutani, swichi hiyo huweza kubonyea yenyewe. Irudishe kwenye I. Kwenye pawasaplai za zamani utakuta pia swichi nyekundu ya 115 na 230. Umeme wa Tanzania ni wa volti 230 na wa Kenya ni 240, kwa hiyo lazima isomeke 230. Ukiikuta kwenye 115, usiwashe, pawasaplai itaungua.

5. Chomoa waya wa umeme, kisha shikilia kitufe cha kuwashia kwa sekunde 30. Chaji iliyobaki humwagika, na pawasaplai iliyojifunga baada ya umeme kukatika na kurudi kwa nguvu huweza kuamka. Wanaokutazama watadhani unajua siri. Waache wadhani.

6. Sasa toa bisibisi. Waya wa umeme ubaki umechomolewa. Gusa chuma cha kasha kwanza ili umeme tuli ukutoke mwilini. Kandamiza ile plagi kubwa ya pini 24 kwenye bodi mpaka ikae. Kama feni huzunguka kidogo kisha zikakata, chomoa kadi ya kumbukumbu (RAM), futa vumbi, irudishe mpaka vishikio vilie "ta!" Lakini pawasaplai yenyewe usiifungue kamwe. Kapasita zake huhifadhi umeme wa hatari hata waya ukiwa umechomolewa. Sifa za ofisini hazirudishi uhai wa mtu.

7. Bado imegoma? Shindwa kwa heshima. Mtulize mwenye kompyuta: kazi zake zimo kwenye diski, na mara nyingi pawasaplai hufa diski ikabaki salama. Kisha mwite fundi, umwambie: "Soketi nzima, waya nimebadilisha, swichi ya nyuma iko kwenye I, feni haizunguki." Akisikia hivyo, ataona vigumu kukuuzia kifaa usichokihitaji.

8. Imewaka, na kumbe ilikuwa swichi tu? Mfichie aliyekuita. Tangaza: "Umeme ulikuwa haufiki, nimeurekebisha." Hujasema uongo hata neno moja; yeye hajaaibika mbele ya bosi, na wewe umesifiwa. Baadaye, mkiwa wawili tu, mwonyeshe ile swichi na njia nzima ya umeme. Siku ambayo hupo, asije akatozwa hela ya ufundi kwa kubonyezewa kitufe.