Sifa za Mnyoo wa Matope

Mvuvi mmoja, aliyekuwa akichimbua chambo chini ya Bandari ya Kale hapa Mombasa wakati maji yamekupwa, alinikunjulia kiganja nikaona mnyoo mwekundu, mwembamba kama uzi wa kofia, akijipindapinda katika tope jeusi linukalo mayai mabovu. "Huyu hata samaki hamtaki, ami," akasema, akamtupa. Nilighadhibika kwa niaba ya aliyetupwa, nikaanza kumsifu pale pale, suruali nimeikunja hadi magotini.

Sifa yake ya kwanza ni ukaazi. Mpima maji huja asubuhi moja na chupa yake, akateka maji yaliyoingia alfajiri na yatakayotoka kabla ya adhuhuri, akaenda zake akidhani ameijua hali ya hori. Lakini mnyoo, asiye na jahazi wala nauli, hukaa pale pale usiku na mchana, akayapokea yote tuyamwagayo, wala hahongeki. Ni kadhi gani angemkataa shahidi wa namna hiyo? Sifa ya pili ni ustahimilivu: taka za vyoo zikioza humaliza hewa iliyomo majini, wenye vifua vyepesi wakafa au wakahajiri. Naye, kwa kuwa damu yake nyekundu ni hodari wa kukamata hata kile kidogo kilichosalia, hustarehe na kuzaana kama mrithi aliyeachiwa nyumba peke yake.

Wajerumani wawili, Kolkwitz na Marsson, waliitambua adhama hii mapema, wakatoa mwaka 1909 daftari la wanyama wa majini na kumpa kila mmoja daraja lake kwa kadiri ya uchafu awezao kuustahimili. Kwetu elimu hiyo imefika hata mikokoni. Utafiti uliotolewa mwaka 2009 uliilinganisha mikoko ya Mikindani, inayopokea maji machafu ya mitaa kando ya hori la Tudor, hori lile lile lipitalo mbele ya Mji wa Kale, na mikoko ya Gazi huko kusini; ikabainika kwamba Mikindani uzito wa kaa kwa jumla ulikuwa umezidi, maana karamu ilikuwa haikatiki, hali tondo, wale konokono warefu wa mikokoni, wamepungua mno. Tondo nami namheshimu, ila ushahidi wake ni wa kutoweka, na shahidi asiyehudhuria ni taabu kumhoji.

Mvuvi alinisikiliza hadi mwisho kwa adabu ya watu wa mtaa wa Kuze, jembe lake begani, kisha akauliza: "Basi ami, huyo shahidi ataitwa lini barazani?"

Maji yalikuwa yamekwisha kutufika vifundoni. Nilipoinama kumtafuta mteja wangu ajibu mwenyewe, niliona kitundu tu, kipana kama tundu la sindano, na kando yake kichuguu cha udongo mweusi ambacho wimbi la kwanza lilikisawazisha.