Nguru, Breki na Dumu la Maji

Rili yangu ya kuvulia niliinunua mtumba, Kariakoo. Muuzaji aliushika mpini, akauzungusha mara mbili, ikalia krrrr kwa utamu, kisha akanitazama kama mtu anayeniozesha binti yake. "Kaka, hii ya Mjapani. Wewe na samaki mtazeeka, yenyewe itabaki." Nikaamini. Mtu anayenunua kitu asichokijua hana kazi nyingine ila kuamini.

Kwa ambaye hajawahi kuvua kwa fimbo, ndani ya rili kuna breki. Ni washa kadhaa zilizopangwa kama chapati kwenye sahani: ya chuma, ya kitambaa, ya chuma, ya kitambaa. Ukikaza kifundo cha mbele zinabanana, ukilegeza zinaachiana. Samaki akivuta kuliko zilivyobanana, bobini inateleza na kumpa mshipi. Akichoka, unamrudisha taratibu. Ndiyo maana mshipi wa kilo 15 unaweza kumpandisha samaki wa kilo 30. Hayo nayajua leo. Wakati ule nilijua tu kwamba breki ni ya kusimamisha, kama ya daladala.

Jumamosi ya kwanza tukaenda nyuma ya kisiwa cha Mbudya, mimi na nahodha, mzee wa Msasani aliyeanza kuvua kabla sijazaliwa. Nilikaza breki mpaka kidole gumba kikabaki na alama. Nahodha aliniangalia, akatabasamu, akanyamaza. Yeye alikuwa na mshipi wa mkono tu, umeviringishwa kwenye kipande cha ubao.

Nguru alipokamata, fimbo ilipinda kama mnazi wa kusi. Rili haikusema krrrr. Haikusema kitu. Ilisikika "ta!" moja, nami nikajikuta nimekaa chini, juu ya ndoo ya chambo.

"Amekwenda na salamu zako," nahodha akasema. "Legeza, mwanangu."

Mimi sikusikia "legeza". Nilisikia "kavu". Jioni ile nikaifungua rili kwenye meza ya chakula, nikachukua chupa ya mafuta ya cherehani ya mama watoto, nikazinywesha washa zote mpaka zikashiba. Zilikuwa zinateleza vizuri ajabu. Nilijipongeza kwa chai.

Jumamosi ya pili akaja kolekole. Safari hii rili ililia, tena ililia kama king'ora. Nikakaza kifundo, ikalia. Nikakaza zaidi; ikalia zaidi. Nikazungusha mpini kwa mikono miwili, jasho linanitoka, na mshipi unazidi kwenda. Nahodha aliweka ubao wake chini akanitazama kwa huruma.

"Bwana mdogo, unamvua au unamsindikiza?"

Kolekole alichukua mita zote 200. Mwisho wa bobini pana fundo, na fundo hilo ndilo lililonijulisha kwamba safari imekwisha. "Ta!" nyingine. Nilibaki na rili tupu, nyepesi, inayonukia cherehani.

Wiki ile nilizifua washa kwa sabuni ya vyombo, nikazianika, nikazirudisha. Nilipomaliza kufunga nati ya mwisho, mwanangu wa darasa la pili akatokea chini ya meza ameshika kitu kidogo cha mviringo. "Baba, na hii?" Fundi yeyote nchini analijua swali hilo, na anajua kwamba halina jibu la heshima. Nikafungua upya.

Hatimaye niliinamisha kichwa nikaipeleka kwa fundi wa mashine za boti. Aliitoa washa ya kitambaa kwa ncha ya bisibisi, akaiweka kiganjani mwangu. Ilikuwa nyembamba kama karatasi, ngumu, upande mmoja unang'aa. "Hii imewekwa stoo ikiwa imekazwa, labda miaka," akasema. "Kitambaa kikibanwa hivyo kinaganda. Samaki akivuta, breki inakataa kwanza, halafu inaachia kwa kishindo. Mshipi unakatika hapo kwenye kukataa." Akaweka washa mpya na grisi yake maalumu, kidogo sana, kama mama anavyompaka mtoto wanja. Mafuta ya cherehani alisema niyarudishe kwa mwenyewe.

Kisha akanipa hesabu: breki ianze kuachia kwenye robo hadi theluthi ya nguvu ya mshipi. Mshipi wangu ni wa kilo 15, kwa hiyo kilo 5 ndiyo mwisho. Mizani sina. Lakini lita moja ya maji ni kilo moja, na dumu la lita 5 halikosekani katika nyumba yoyote ya Dar es Salaam.

Ndivyo nilivyojikuta Ijumaa jioni kwenye baraza ya ghorofa ya kwanza, fimbo mkononi, dumu la maji likining'inia nje kwa mshipi. Nikilegeza kidogo, dumu linashuka krrrr. Nikikaza, linasimama. Nikavuka kipimo mara moja tu, likashuka lote hadi kwenye kamba ya nguo za jirani, likatua juu ya shuka lake jeupe.

Jirani akatoka. Akaliangalia dumu, akaufuata mshipi kwa macho hadi juu, akaniona.

"Jirani, maji yamekatika tena?"

"Hapana, jirani. Napima breki."

Akatikisa kichwa polepole, akaingia ndani, nikasikia mlango unafungwa kwa komeo.

Jumamosi ya tatu breki ilikuwa tamu. Kolekole alipokamata, mshipi ulitoka laini, bila kukwama, bila kukimbia ovyo. Alipofika nusu ya mshipi, roho yangu ya zamani ikanirudia: nikapeleka mkono nikaze. Nahodha akanipiga kofi mkononi. Baadaye nilielewa. Mshipi unavyopungua, bobini inakonda, na bobini ikikonda breki inakuwa nzito yenyewe bila kuguswa; ikibaki nusu ya upana wake, uzito unakuwa maradufu. Mimi nilitaka kuongeza juu ya nyongeza.

"Akivuta mpe," nahodha akasema. "Akisimama mnyang'anye."

Hapo ndipo nilipoitazama mikono yake vizuri. Kwenye kidole cha shahada amevaa kipande cha tyubu ya baiskeli, kimekatwa kama pete pana, na katikati yake mshipi umechimba mfereji. Samaki akivuta, kidole kinafunguka kiasi cha unywele. Akisimama, kinajifunga. Washa zake ni nyama na raba, na hesabu ya robo na theluthi anaifanya bila kuacha kuzungumza.

Kolekole wangu alikuwa na kilo 8. Nilimshika mkiani kwa mikono miwili, nikapigwa picha, nikaipeleka kwa kila mtu, hadi kwa jirani wa shuka.

Nawe uliye na rili nyumbani, fanya hivi leo. Ukitoka baharini, kaza breki kwanza maji yasiingie kwenye washa, isuuze kwa maji baridi kidogo kidogo, usiipige kwa mpira wa maji. Ifute, iache ikauke, kisha legeza breki kabisa kabla hujalala. Chupa ya cherehani iache kwenye cherehani.

Na kwa kumbukumbu tu: siku ile ya kolekole wangu, nahodha alipandisha nguru watatu. Kidole chake hajawahi kukifungua kwa bisibisi.