Siku Hizi Kununa ni Somo

Nyumbani kwangu Mikocheni hapanuniki tena. Mpwa wangu kaingia mwaka wa kwanza chuoni, anasoma saikolojia, na tangu aanze somo la utangulizi kila jambo la humu ndani lina jina lake, na kila jina lina mzungu wake. Wa kwanza eti ni Wilhelm Wundt, aliyefungua maabara kule Leipzig mwaka 1879. Tangu hapo wenye nyumba hatuna raha.

Siku moja nimetoka kazini, foleni ya Barabara ya Mwai Kibaki imenimaliza, naingia jikoni nakuta masufuria ya jana yamegandana ukoko kwenye sinki. Nikafoka. Badala ya kusema "samahani Mjomba", kijana akanitazama kwa huruma.

"Mjomba, hiyo ni kuhamisha hasira. Aliyekuudhi ni bosi, mimi nimeangukiwa tu."

"Bosi hajaniudhi!"

"Sawa. Na hiyo ni kukana."

Sasa hapo mtu unajibu nini? Ukikubali umepatikana, ukikataa ndiyo umepatikana zaidi. Freud, mwenye nadharia hizo, aliwapangia wenzake kesi ambayo mshtakiwa hashindi. Na masufuria yako palepale.

Akipita muuza aiskrimu na kile kimuziki cha baiskeli yake, wanangu wanatoka mbio, kandambili mguu mmoja, mkono mmoja tayari uko mfukoni mwangu. Kijana anafurahi: mbwa wa Pavlov hao! Pavlov alikuwa Mrusi, Nobeli alipewa mwaka 1904 kwa utafiti wa mmeng'enyo wa chakula, na mbwa wake walizoea hadi wakawa wanadondosha mate kwa kusikia tu dalili kwamba chakula kinakuja. Haya, nimeelewa. Lakini Pavlov kengele yake, nyama yake. Huku kwetu kengele anapiga mwingine, anayelipa mimi.

Mama watoto akienda Kariakoo, kitinda mimba wetu analia hadi sauti inakauka. Kijana anasimama pembeni na daftari. Ananieleza habari za Mary Ainsworth, ambaye miaka ya 1954 na 1955 alikaa vijiji vya jirani na Kampala akiwatazama watoto wa Kiganda: mtoto anatambaa kwenda kuchezea kitu, anageuka kuhakikisha mama yupo, ndipo anaendelea. Kitabu kikatoka mwaka 1967. Namheshimu sana mama huyo. Ila mtoto wangu bado analia, na aliyeachiwa kazi ya kumbeba ndiye anayeandika.

Halafu likaja suala la bomba lililopasuka mtaani. Kundi letu la WhatsApp lilichangamka: picha, video, "jamani wahusika mko wapi", mikono ya kuomba dua. Hadi magharibi maji yanatiririka na hakuna aliyepiga simu. Kijana alikuwa na jibu. Darley na Latané, mwaka 1968, waliwasikilizisha wanafunzi wa New York sauti ya mwenzao aliyeonekana kupatwa na kifafa. Aliyedhani anasikia peke yake aliwahi kuomba msaada. Waliodhani wako wengi walikawia, na baadhi yao hawakuinuka kabisa. Kila mmoja anamwachia mwenzake.

"Na wewe umepiga?" nikamuuliza.

"Mimi nilikuwa nawatazama nyinyi, Mjomba."

Basi usiku ule, yeye amelala, nikayafungua makabrasha yake aliyoyaacha mezani. Nikakutana na Skinner, Mmarekani wa panya na njiwa. Bwana huyu alibaini kwamba ukimzawadia mnyama kila mara, siku ukiacha na yeye anaacha mapema. Ukimzawadia bila mpangilio, hachoki. Anaendelea akitumaini safari hii itatoka.

Posho ya kila Ijumaa nimeifuta. Sasa kijana akiosha vyombo, siku moja anakuta elfu tano chini ya sahani, siku nyingine anapata "asante, baba", siku nyingine hapati hata hiyo. Masufuria yangu unaweza kujitazamia kunyoa ndevu.

Juzi kaenda kunishtaki kwa anti yake kwamba Mjomba anamfanyia majaribio bila ridhaa yake. Habari za ridhaa, nimeona kwenye ratiba yake, watafundishwa muhula wa pili. Mimi huu wa kwanza unanitosha.