Mkoba Umeuzwa, Aliyeusuka Bado Anadai

Mfyuu! Mkoba wa ukindu umevuka bahari, umebebwa harusini, umepigwa picha, na mama aliyeusuka bado anadai pesa yake. Hapa Wandegeya, Kampala, tukisubiri rolex zetu, zile chapati za kuviringishwa na mayai, jambo hili tunaligeuza kuwa la bei tu. Mmoja analalamika kwamba mikoba ya mkono ni ghali, mwingine anamjibu kwamba wasukaji wanapunjwa. Wote wamesema kweli, na hakuna aliyegusa kidonda.

Kidonda ni mali kauli. Mama ananunua ukindu kwa pesa yake mwenyewe. Anauanika hadi uwe mweupe, ananunua rangi, anaichemsha kwa kuni za kununua. Anasuka ukili, kisha anaushona kwa sindano, mzunguko juu ya mzunguko, mpaka kitako cha mkoba kikae sawa. Anafika dukani, mwenye duka anamwambia: "Acha hapa, nnyabo, ukiuzwa nitakupigia." Jamani, simu hiyo! Inakuja mwezi ujao, au baada ya Krismasi. Jua la dirishani likiupausha mkoba, simu inakuja ya kumwita aje kuuchukua. Hapo nani amemkopesha nani? Asiye na akiba ndiye aliyemjazia mwenzake duka, bila riba na bila hata karatasi.

Na dawa inajulikana! Shirikisho la biashara ya haki duniani, WFTO, lina kanuni 10, na ile ya mwenendo wa haki wa biashara inamtaka mnunuzi wa kazi za mikono, akiombwa, atangulize angalau nusu ya pesa bila riba. Nusu mkononi, kabla sindano haijaingia. Hapa hapa Bombo Road, barabara inayotupitia sisi, Uganda Crafts 2000 wanauza kazi za mikono kwa njia ya biashara ya haki. Kule Masoro, Rwanda, kuna karakana ya wanawake wanaoishonea mikoba kampuni ya Kate Spade ya New York, tena kwa ajira na mshahara. Kwa hiyo asiniambie mtu kwamba haiwezekani.

Na bila kutangulizwa, hasara yote ni ya msukaji. Tarehe 1 Januari 2024 Marekani iliiondoa Uganda kwenye AGOA, mpango uliokuwa ukiingiza bidhaa zetu huko bila ushuru. Wakubwa walirushiana maneno magazetini. Lakini oda ikikatika na mnunuzi hajatanguliza hata senti, mzigo unalala uvunguni mwa kitanda cha msukaji.

Tusiwasahau mafundi cherehani wa mikoba ya kitenge, hii ambayo kila mwanafunzi wa Makerere anaining'iniza begani. Wanashona katika vyumba vya nyuma, kwenye kigoda kisicho na egemeo, chini ya balbu moja, na wanalipwa kwa kipande. Umeme ukikatika asubuhi ukarudi jioni, siku imekwenda bure, na njaa haikatiki nao. Zipu ikigoma, anakatwa fundi. Lakini zipu hakuichagua yeye! Ililetwa na mwenye kazi, pamoja na bitana nyepesi, kwa sababu zilikuwa za bei rahisi. Nimemwona binti usiku akifumua mkoba mzima kwa zipu ya namna hiyo, anaishona upya, na kufumua hakuna anayekulipia. Mgongo wa binti yule haujafika miaka thelathini na tayari anajinyoosha kama bibi. Hili ndilo linalonikosesha usingizi kuliko yote niliyoyataja.

Na sheria? Kima cha chini cha mshahara Uganda kiliwekwa 1984: shilingi 6,000 kwa mwezi. Pesa ya rolex mbili tatu! Bunge lilipitisha muswada mpya Februari 2019, Rais akakataa kuutia saini. Tangu 2022 kila mwajiri, hata mwenye mfanyakazi mmoja, anatakiwa kumchangia NSSF, mfuko wa hifadhi ya jamii. Hilo nalisifu kwa moyo wote. Ila msukaji wa nyumbani hana mwajiri kwenye karatasi. Wanamwita mshirika, na mshirika huyo hana pensheni, hana likizo ya uzazi, wala hana pa kupeleka mashtaka. Ndiyo maana nusu ya kutangulizwa naiweka mbele ya mambo mengine yote. Haimsubiri Rais wala Bunge. Mwenye duka anaweza kuanza kesho asubuhi.

Niliyasema haya mbele ya mwenye duka mmoja, akanijibu kwa uchungu wa kweli. Kodi ya chumba, alisema, anailipa miezi mitatu mbele, na asipolipa anakuta kufuli mlangoni. Pesa ya kumtangulizia msukaji ataitoa wapi? Namwamini. Lakini tazameni foleni hiyo ilivyopangwa: mwenye nyumba analipwa kabla, mwenye duka analipwa papo hapo, na aliyekaa na sindano analipwa mwisho, akilipwa. Mimi nataka asogezwe mbele. Kwa hiyo ndugu zangu mnaonunua mikoba, mkimaliza kuuliza bei, ulizeni na hili: aliyeushona huu amelipwa lini? Mwenye duka akianza kutazama pembeni, msiondoke. Rudieni swali.